Kutoka MIOME hadi TUM: Historia Fupi ya Chuo cha Ufundi cha Tudor

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko mtaani Tudor, kando ya Barabara ya Tom Mboya. Wazee wa mji hukiita MIOME hadi leo. Waliosomea hapo katika miongo mitatu na ushei iliyofuata mwaka 1972 hukiita Poli, na vijana wa sasa husema TUM. Lango ni lilelile. Kwa zaidi ya miaka 70 chuo hiki kimepandishwa daraja, kimebadilishiwa wenyewe na kufunguliwa kwa watu ambao zamani hakikuwapokea. Swali kililozaliwa nalo, hata hivyo, halijazeeka: katika mji unaoishi kwa bandari na reli, nani atafundishwa kuziendesha na kuzitengeneza mashine, na akishafundishwa, atapewa heshima ipi mbele ya mwenye kalamu?

Kabla ya hati

Ufundi haukuletwa pwani na shule. Waunda majahazi, waashi wa nyumba za mawe, wachonga milango na wafua fedha wa Lamu waliutunza kwa karne nyingi, na njia ya kuurithisha ilikuwa moja: mwanagenzi alikaa na fundi wake, akatumwa, akakosea, akakemewa, mpaka mkono ukazoea. Hakukuwa na cheti. Cheti kilikuwa jahazi lisilovuja.

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza hapa Mombasa, ulikuja ufundi wa namna nyingine, wa mvuke, vyuma na ramani zilizochorwa kwa vipimo. Kazi hizo walipewa Wazungu na mafundi walioletwa kutoka Bara Hindi, na wenyeji wengi wakabaki kwenye upagazi na vibarua. Elimu ya kikoloni nayo iligawanywa kwa rangi, Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waarabu na zao, Waafrika na zao. Serikali ilianzisha kituo cha kufundisha Waafrika ufundi huko Kabete mwaka 1924, mbali sana na pwani. Shule nyingi nyingine zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walisita kuwapeleka watoto wao wakihofia wangerudi na dini nyingine.

Aliyelisema jambo hili waziwazi ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika magazeti yake, *Sahifa* la mwaka 1930 na *Al-Islah* la mwaka 1932, aliwakemea Waislamu wenzake kwa kuachwa nyuma, akasisitiza kwamba elimu ya kisasa haigombani na dini. Sheikh alifariki mwaka 1947. Mwaka mmoja baadaye hati ya kuanzisha chuo ikatiwa saini.

Hati ya mwaka 1948

Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, ambacho kila mtu alikijua kwa kifupisho chake cha Kiingereza, MIOME, kilianzishwa kwa hati ya mwaka 1948. Waliochangia walikuwa wa namna mbalimbali. Alikuwemo Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, imamu wa Waislamu wa Kiismailia, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameanzisha hapahapa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki. Alikuwemo Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub. Walikuwemo Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Bara Hindi, na ilikuwemo Serikali ya Uingereza kupitia Wizara ya Makoloni. Gavana wa Kenya wakati huo alikuwa Sir Philip Mitchell.

Mchango wa Sultani haukuwa sadaka ya mgeni. Ukanda wa maili kumi wa pwani, Mombasa ikiwemo, ulihesabiwa kuwa milki yake, nao Waingereza waliutawala kwa mkataba. Alipotoa fedha kwa ajili ya chuo cha Tudor, alikuwa anatoa kwa watu aliowahesabu kuwa raia wake.

Masomo yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima elimu ya kutosha ya ufundi, yakiwemo mambo ya umeme na mitambo. Kwa hiyo hakikuwa chuo cha Mombasa peke yake. Kilikusudiwa pia kijana wa Unguja, wa Tanganyika na wa Uganda.

Hapa pana jambo ambalo sifa za waasisi zisitufanye tuliruke. Katika koloni lililowatenga watu kwa rangi, MIOME iliwaweka Mwarabu, Mhindi, Mswahili na Mwafrika wa bara katika karakana moja, mradi wote ni Waislamu. Hilo lilikuwa kubwa kwa zama zake. Lakini sharti hilohilo lilimfungia mlango kijana wa Kimijikenda au wa Kitaita asiyekuwa Mwislamu, hata kama kwao kulikuwa umbali wa safari fupi ya basi. Chuo kilibomoa ukuta mmoja na kujenga mwingine.

Karani wa MIOME

Mtu mashuhuri kuliko wote waliopitia MIOME hakuwa fundi. Alikuwa karani. Ali Mazrui, mtoto wa yule Sheikh Al-Amin, alimaliza shule akiwa na matokeo ya daraja la tatu ambayo hayakumfikisha Makerere, akaajiriwa chuoni kwa kazi za ofisi. Siku moja ya Maulidi alisimama kuhutubia, naye Gavana Mitchell alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Hotuba ilimvutia Gavana, akaulizia habari za kijana yule, na hatimaye ukapatikana udhamini wa masomo Uingereza, katika mji wa Huddersfield. Baada ya hapo Mazrui alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa Makerere na baadaye Marekani, na mwaka 1986 dunia ikamtazama katika mfululizo wake wa televisheni kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu. Alifariki mwaka 2014, akazikwa kwao Mombasa.

Kisa hiki husimuliwa kila chuo kinapotajwa, na ni haki kisimuliwe. Lakini kitazameni upande wa pili. Katika mahali palipojengwa ili kutoa mafundi, aliyetambuliwa na Gavana siku ile ni msema vizuri. Hakuwa aliyeunganisha nyaya sawasawa, wala aliyekereza chuma kikatoka na kipimo kamili. Ulimi na kalamu vilionekana haraka, na kazi ya mkono ikasubiri. Kusubiri huko ndiko kutakakojirudia katika kila hatua ya historia ya chuo hiki.

Milango yafunguliwa

Miaka michache iliondoa nguzo ambazo chuo kiliegemea. Aga Khan wa Tatu alifariki mwaka 1957, Seyyid Khalifa mwaka 1960. Oktoba 1963 mkataba ulitiwa saini wa kuuingiza ukanda wa pwani moja kwa moja katika Kenya, Desemba nchi ikapata uhuru, na Januari 1964 mapinduzi ya Zanzibar yakaung'oa usultani wenyewe.

Mwaka 1966 MIOME ilifunguliwa kwa Wakenya wote bila kujali dini, ikaitwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Kwa taifa changa lililohitaji mafundi wa kushika nafasi za wageni waliokuwa wakiondoka, ilikuwa hatua isiyoepukika, na ilikuwa ya haki kwa wale waliofungiwa nje. Lakini baadhi ya Waislamu wa pwani waliiona kama mali ya wakfu wao iliyochukuliwa pasipo fidia, na lalamiko hilo lilisikika kwa miaka mingi. Historia inayoadhimisha haina budi kuyabeba yote mawili: mlango ulipaswa kufunguliwa, na waliolipa kuujenga walikuwa na haki ya kuulizwa.

Zama za Poli

Mwaka 1972 taasisi ilipandishwa kuwa Mombasa Polytechnic, ya pili ya kitaifa baada ya ile ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1961. Wengi wanaoukumbuka ufundi wa Mombasa kwa fahari huzungumza juu ya zama hizi, na wana sababu. Mji ulikuwa na viwanda vilivyokihitaji chuo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilikuwa kikizalisha tangu mwaka 1954, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe tangu mwaka 1963. Palikuwa na mitambo ya umeme ya Kipevu, gati za Kilindini na karakana za reli.

Utaratibu ulikuwa wa kubadilishana. Mwajiri alimdhamini kijana, akamleta chuoni kwa muhula, kisha akamrudisha kazini, akamleta tena. Alichokisoma Tudor alikijaribu Changamwe, na kilichomshinda Changamwe alirudi kukiuliza Tudor. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 waajiri pia walitozwa ada ya mafunzo ya viwandani, hivyo walikuwa na sababu ya kutaka faida ya fedha zao.

Karakana nayo ilikuwa na adabu yake. Mwanafunzi wa mitambo hakupewa mashine siku ya kwanza. Alipewa pande la chuma, jiriwa ya kulibana, na tupa, akaambiwa alisawazishe mpaka pande zake zote ziwe mraba kamili. Lilikuwa zoezi la kuchosha, na wengi walidhani wanaadhibiwa. Mkufunzi alikuja na pembemraba yake, akaliinua pande lile kwenye mwanga, na mstari wa mwanga ukipenya kati ya chuma na kipimo, hakusema neno. Alilirudisha kwenye jiriwa. Ni somo la kale la mwanagenzi na fundi wake, ila sasa lina ratiba, vitabu vya hesabu na mtihani.

Kati ya mwaka 1977 na 1980 mambo mawili yalikiongezea chuo uzito. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mashirika ya reli na bandari yaliyokuwa ya nchi tatu yakagawanywa. Kenya ikalazimika kuwa na mafundi wake wa kutosha, na mwaka 1978 Halmashauri ya Bandari ikaanza kazi. Kisha mwaka 1980 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa, na mitihani ya ufundi ambayo kwa miaka mingi ilitegemea London ikaanza kutungwa nchini.

Miaka ya 1990 haikuwa ya neema. Mashirika ya umma yalipunguza wafanyakazi, baadhi ya viwanda vilifungwa, na mwajiri wa kumdhamini kijana akawa adimu. Wanafunzi wengi zaidi walifika moja kwa moja kutoka sekondari, wakilipiwa na wazazi, bila karakana ya kurudi baada ya muhula.

Joho la chuo kikuu

Mwaka 2007 Poli ilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alikipa hati kamili, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kikazaliwa, mwezi uleule ambao mwenzake wa Nairobi alipata hati yake. Mkoa wa Pwani ulikuwa na kiu ya vyuo vikuu kwa muda mrefu, na shangwe zilikuwa za haki. TUM leo inafundisha uhandisi, sayansi, afya, biashara na kompyuta, na imefungua kampasi Kwale na Lamu.

Lakini nchi ilipozipandisha taasisi zake mbili kongwe za ufundi kwa mpigo mmoja, wahandisi na waajiri waliuliza: fundi wa kati atatoka wapi? Mhandisi mmoja huhitaji mafundi sanifu kadhaa, na kila fundi sanifu huhitaji mafundi wa mkono. Ukizalisha wahandisi pekee, unapata watu wengi wa kuchora na wachache wa kufunga nati. Serikali ililisikia swali. Mwaka huohuo wa 2013 sheria mpya ya elimu na mafunzo ya ufundi ilipitishwa, na mwaka 2016 chuo kingine cha mjini humu, kilichokuwa Taasisi ya Mafunzo ya Ufundi ya Mombasa, kilifanywa Kenya Coast National Polytechnic. Kwa maneno mengine, Mombasa ilipata Poli nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imevaa joho.

Kazi, kwa upande wake, haikungoja. Reli mpya ya kisasa ilianza safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza mwaka 2021. Kreni za siku hizi zinaendeshwa kwa kompyuta, na fundi anayezitengeneza lazima ajue chuma, umeme na programu kwa pamoja. Mpaka kati ya mwenye kalamu na mwenye spana umefutika kazini, hata kama bado uko kwenye orodha za mishahara.

Kipimo cha maadhimisho

Wanaoadhimisha chuo hiki watataja masultani, maimamu na magavana, na watamtaja Mazrui. Wawataje pia wakufunzi wa karakana, ambao majina yao hayamo kwenye mabamba ya ufunguzi lakini mikono yao imo katika kila fundi aliyewahi kuwasha mtambo Kipevu au Kilindini.

Kipimo cha chuo kikuu cha kiufundi si idadi ya majoho siku ya mahafali. Ni kama kijana aliyeingia lango la Tudor na cheti cha ufundi anaweza kupanda hadi stashahada, na kutoka hapo hadi shahada, bila kuambiwa aanze upya kana kwamba miaka aliyoitumia kwenye jiriwa haikuwa elimu. Ngazi hiyo ikiwa wazi, kupanda daraja kwa MIOME kutakuwa kumewafaa wote waliokijenga, waliofungiwa nje, na waliofunguliwa baadaye. Ikifungwa, chuo kitakuwa kimebomoa ukuta wa dini na kujenga wa vyeti.