Katiba ikirekebishwa, raia anapata nini, anapoteza nini?

Watu wengi wanasema Katiba ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Lakini maneno machache yakiguswa ndani yake, uzito wa kura yako unaweza kubadilika. Hapa kwetu Congo tuliisha kuviona.

Wakati wa chama kimoja

Katiba ya 1967 ilikubali vyama vya siasa visivyopita viwili. Desemba 1970 ikarekebishwa, MPR ya Mobutu ikabaki peke yake. 1974 wakairekebisha tena: serikali, bunge na mahakama vyote vikaingia ndani ya MPR. Kila raia alihesabiwa mwanachama, apende asipende. Juu ya kurudisha vyama vingi, ilibidi kugusa Katiba tena mu 1990.

Duru ya pili ilienda wapi?

Katiba ya leo, raia wenyewe waliipigia kura mu referandumu ya Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 71 kilisema: kama hakuna aliyepita nusu ya kura, wawili wa kwanza wanarudi mbele ya raia. Njo ilivyokuwa 2006: Joseph Kabila alipata karibu 45 kwa mia, akarudi kushindana na Jean-Pierre Bemba.

Januari 2011 vifungu 8 vilirekebishwa, duru ya pili ikafutwa. Mwaka ule ule Kabila akatangazwa mushindi na karibu 49 kwa mia. 2018 Félix Tshisekedi akatangazwa na 38,57 kwa mia. Kwa sheria ya kwanza, wote wawili wangerudi kuomba kura tena.

Marekebisho yale yalimupa pia raisi uwezo wa kuvunja bunge la jimbo ao kuondoa gavana, kama kuko muzozo mukubwa wa siasa usioisha.

Nani anaamua?

Kifungu cha 218 kinaonyesha njia mbili: referandumu, ao wabunge na maseneta kukutana pamoja na kukubali kwa tatu ya tano. 2011 walipita njia ya pili, raia hawakuulizwa. Hata raia wanaweza kuanzisha marekebisho, wakipata sahihi za watu 100 000.

Kifungu cha 219 kinakataza kurekebisha wakati wa vita ao wa hali ya dharura. Na kile cha 220 kinafunga mambo mengine kabisa: hesabu na urefu wa mihula ya raisi, uhuru wa mahakama, vyama vingi. Tena hakuna ruhusa ya kupunguza haki za mutu wala uwezo wa majimbo.

Kwa hiyo, ukisikia «tubadilishe Katiba», usikimbilie kusema ndiyo ao hapana. Uliza kwanza: kifungu gani? Kilisema nini, kitasema nini? Na sisi raia, tutapiga kura ao tutasikia tu mu radio?