Njia panda ya rubani chipukizi: Safari za humu nchini au za ng'ambo?

KIJANA anayehitimu urubani katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huondoka na vitu viwili: leseni ya kibiashara na deni. Mara nyingi jamaa zake wameuza shamba, wamechukua mkopo au wameitisha mchango ili kulipa karo inayohesabiwa kwa mamilioni ya shilingi.

Ndiposa swali la iwapo atafute kazi katika ndege za humu nchini au alenge ndege kubwa za masafa marefu si swali la fahari pekee. Linagusa pesa, afya na ndoa, na jibu lake hufungamana na jambo ambalo wengi hawalifikirii mapema, nalo ni foleni ya kupandishwa cheo.

Mwanzoni, kanuni zenyewe huwachagulia wengi. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), leseni ya kibiashara huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesomea kozi iliyoidhinishwa ya mfululizo. Leseni ya juu, ambayo bila hiyo mtu hawezi kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, huhitaji saa 1,500, zikiwemo 100 za usiku. Pengo hilo la saa 1,300 ni lazima lizibwe mahali, na kwa Wakenya wengi mahali penyewe ni papo hapo Wilson.

Katika Cessna Caravan, ndege ya injini moja yenye rafadha, rubani anaweza kutua mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana akizungukia viwanja vya Maasai Mara. Njia nyingi za kurukia huko ni za changarawe. Pundamilia wakiwa wamesimama katikati ya njia, hana budi kuzunguka hewani hadi wafukuzwe.

Wilson kwenyewe ni shule. Uwanja huo uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Jua linapokuwa kali hewa huzidi kuwa nyepesi, ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na wakati mwingine mizigo huachwa nyuma. Rubani wa safari fupi hupiga hesabu hizi kila siku, na huwa rubani mkuu mapema kuliko mwenzake aliyeajiriwa moja kwa moja katika shirika kubwa.

Isitoshe, jioni hulala kwake. Si wote, hata hivyo: wanaopeleka misaada Sudan Kusini au Somalia hukaa wiki nzima kambini, na familia zao haziwaoni zaidi ya zinavyomwona rubani wa kimataifa.

Katikati ya ngazi hiyo kuna ndege kama Dash 8-400 za shirika la Jambojet, lililoanza safari mnamo 2014. Humo marubani ni wawili, barabara za kurukia ni za lami, na safari ya Nairobi hadi Mombasa huchukua chini ya saa moja angani. Anayedhani kazi hiyo ni nyepesi hajawahi kuamka saa tisa usiku kuwahi safari ya kwanza, kisha akapaa na kutua mara nne kabla ya kurudi nyumbani.

Upande wa pili wa mizani unaonekana vyema katika safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways iliizindua Oktoba 28, 2018 kwa ndege ya Boeing 787. Safari hiyo huchukua takriban saa 15. Kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kukesha kwenye usukani muda wote huo, marubani huwa wanne, na hupokezana kulala katika vitanda vilivyo juu ya dari ya chumba cha abiria.

Usingizi wa kitanda hicho si usingizi wa nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi New York ni saa saba au saa nane mchana Nairobi, kutegemea msimu. Mwili haujui ule chakula gani, na unapoanza kuzoea, ni wakati wa kurudi. Jambo hili huongezeka uzito kadiri umri unavyosonga.

Kuna jingine linalowashangaza wageni wa fani hii: rubani wa masafa marefu hupata saa nyingi lakini hutua mara chache. Viwango vya ICAO vinamtaka awe amepaa na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizotangulia. Wanne wakigawana safari moja, baadhi yao hulazimika kutimiza idadi hiyo katika mtambo wa kuigizia urukaji.

Malipo, bila shaka, huwa mazuri zaidi, na marupurupu ya kulala ng'ambo huyanenepesha.

Hapa ndipo foleni huingia. Katika mashirika mengi makubwa, kupanda cheo, kuchagua njia na hata kupata likizo ya Desemba hutegemea tarehe ya kuajiriwa. Irene Koki Mutungi alijiunga na Kenya Airways mnamo 1993. Mwaka wa 2014 akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa rubani mkuu wa Boeing 787. Ilikuwa miaka 21 baadaye.

Anayehama baada ya miaka 10 kwenda Dubai au Doha huanza tena mkiani, hata akiwa na saa nyingi kuliko anayemfundisha. Aidha, kibali chake cha kuishi huko hufungamana na ajira. Kazi ikikatika, nyumba na shule ya watoto hukatika nayo.

Wengi walilionja hilo mnamo 2020. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa Machi 25 mwaka huo kutokana na corona. Safari za ndani zilirejea Julai 15 na za kimataifa Agosti 1, lakini kurejea kwa jina si kurejea kwa abiria. Mashirika ya Ghuba yaliwaachisha kazi marubani, na waliorudi Nairobi walikuta nafasi zao katika foleni ya nyumbani zilishachukuliwa zamani.

Safari za ndani nazo zina machungu yake. Msimu wa mvua za masika watalii hupungua, na kampuni ndogo huweza kufungwa bila ilani ndefu.

Kabla ya kutia sahihi popote, mkataba wa mafunzo ya aina mpya ya ndege wafaa kusomwa neno kwa neno. Mwajiri anayelipia mafunzo hayo kwa kawaida humfunga rubani kwa miaka kadhaa, na anayeondoka mapema hudaiwa gharama.

ICAO humruhusu rubani wa safari za kibiashara za kimataifa zenye marubani zaidi ya mmoja kuendelea hadi miaka 65. Aliyeingia katika foleni akiwa na miaka 24 ana miaka 41 ya kusonga mbele. Anayeingia upya akiwa na 45 ana 20.