Chumvi Ilivyoingia Sufuriani

Hapa Mumbuni husemwa presha ni ugonjwa wa uzee. Historia yasema vingine. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha vipimo vya Waafrika 1,000 wa Kavirondo Kusini, karibu na Ziwa Victoria. Presha yao haikupanda uzeeni. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Presha ilipanda kwa miezi michache tu. Mjini walikula chumvi zaidi, na wakapungukiwa na potasiamu, madini yaliyomo katika maharagwe, mboga na ndizi.

Basi mama, usilaumu umri peke yake, angalia sufuria. Chemsha muthokoi na maharagwe bila chumvi. Kaanga kitunguu, nyanya na dania kwa mafuta kidogo, changanya, kisha tia chumvi kidogo mwishoni, iliyo na ayodini. Viungo vya mchuzi vya pakiti viache dukani, vina chumvi nyingi. Kwa siku, mtu mzima asifikishe kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyo kwenye mkate. Chumvi isikae mezani.

Presha haipigi hodi. Nenda ukapimwe, na baba pia. Kama umepewa dawa, usiziache.