Mashamba ya Adui Chini ya Mlima Kameruni

Mataifa yanapopigana, mali za raia wa adui zilizomo nchini hutwaliwa na Serikali na kukabidhiwa msimamizi. Vita vikiisha, huzuka swali: nani azirithi? Jirani zetu wa Tanganyika waliliona jambo hili katika mashamba ya mkonge ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Lakini kisa chenye mafunzo zaidi ni cha Kameruni, huko Afrika ya Magharibi.

Katika miteremko ya Mlima Kameruni, karibu na bahari, hukaa Wabakweri. Udongo wa huko ni wa volkeno, nao una rutuba nyingi. Mwaka 1891 Wajerumani waliushambulia mji wa Buea. Wabakweri, wakiongozwa na Kuva Likenye, waliwafukuza na kumwua mkuu wao, Gravenreuth. Mwaka 1894 walirudi na nguvu kubwa zaidi, na safari hiyo Buea ikatekwa. Ndipo ardhi iliyo bora ilipopewa makampuni, na wenyeji wakasukumwa katika vijieneo walivyopimiwa.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Waingereza waliyatia mashamba hayo mnadani London, mwaka 1922. Wajerumani walikatazwa kununua, na wanunuzi wakawa haba. Mwaka 1924 mnada ulirudiwa bila ya katazo hilo, na wenyewe wa zamani wakayanunua karibu yote! Ilipofika mwaka 1938, Wajerumani waliokuwa katika sehemu ile iliyotawaliwa na Waingereza walikuwa wengi kuliko Waingereza.

Mwaka 1939 yalitwaliwa tena, na mara hii kosa la mnada halikurudiwa. Serikali ya Nigeria, iliyokuwa ikisimamia Kameruni ya Kusini, iliyanunua mwaka 1946 kwa pauni 850,000, kiasi cha eka 250,000, ikayakodisha kwa Shirika la Maendeleo la Kameruni kwa muda wa miaka 60. Sheria iliagiza kwamba ardhi hiyo iwe kwa manufaa ya wakazi wa nchi. Basi ndizi, mpira na mawese yaliyokuwa yakitajirisha wenye hisa wa Ulaya yakaanza kulipia shule za watoto wa wafanyakazi, hospitali, na masomo ya vijana waliopelekwa vyuoni.

Hiyo ni kazi njema, wala sipendi kuidharau. Lakini mwaka ule ule wa 1946 Wabakweri walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Wao walidai kwamba mashamba hayo hayakuwa mali ya adui hata kidogo. Yalikuwa ardhi ya baba zao, na Mjerumani aliyapata kwa bunduki. Serikali ilijibu kwamba faida igawiwe watu wote wa nchi, si kabila moja. Nikifundisha habari hizi, darasa hugawanyika, nami siwezi kuwalaumu walio upande wowote. Ila naona yapasa aliyenyang'anywa aulizwe kwanza, hata kama fedha zake zinajenga shule.

Mwaka 1961 Kameruni ya Kusini iliungana na Jamhuri ya Kameruni, na Shirika likarithiwa na Serikali mpya. Mwaka 1994 ilipotangazwa kwamba litauzwa kwa wenye mitaji, Wabakweri waliinuka tena. Mwaka 2002 walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Mwaka 2004 Tume ilikataa kulipokea, kwa sababu lilikuwa halijamalizika katika mahakama za Kameruni kwenyewe.