Mfuko wa ngozi pembeni ya gurudumu la nyuma: motari achague namna gani?

Motari wa Goma ao Bukavu hana pahali pa kuweka vitu vyake mwenyewe. Kiti ni cha mteja, portbagaji ni ya mifuko ya makala ao kreti za mteja. Ndiyo maana ule mfuko mdogo wa ngozi unaofungwa chini, karibu na gurudumu la nyuma, unavutia macho. Ni muzuri kweli. Lakini haukutengenezwa kwa pikipiki kama zetu.

Mfuko wa namna hii umezoeleka kwenye pikipiki kubwa za Marekani. Harley-Davidson Softail, iliyotoka mwaka 1984, inaficha amortiseri zake, na mkono wake wa nyuma, ni kusema ile chuma inayoshika gurudumu, iko na umbo la pembetatu. Mfuko unaingia pale, kwa kawaida upande wa kushoto, kwa sababu eshapema ziko kuume.

Sasa angalia TVS ao Boxer. Mkono wa nyuma ni vyuma viwili vilivyonyooka, na amortiseri mbili zinaonekana, moja kila upande. Pembetatu haiko. Mtu anafunga mkanda mmoja kwenye mkono, mwingine kwenye kadri, na hapo shida inaanza: mkono unapanda na kushuka kwenye kila shimo, lakini kadri haiufuati. Kwenye njia ya mawe ya volkano, mkanda unavutwa asubuhi mpaka jioni. Siku moja unakatika, na kipande kinaingia kwenye rayo, mteja akiwa nyuma yako.

Kwa hiyo, mikanda yote ishike mkono wa nyuma, ao yote ishike kadri na portbagaji. Usichanganye. Kwetu sisi, kadri ni bora, maana kitu kilichofungwa kwenye mkono kinapigwa pamoja na gurudumu. Mbele ya kulipa, omba watu wawili wakae juu ya pikipiki na waruke-ruke kidogo. Wewe inama, angalia kama mfuko unagusa tairi, shene ao amortiseri.

Upande gani? Kuume kuko eshapema, inayokausha ngozi mpaka inapasuka, na kuko pia ile fimbo ya fre ya nyuma. Mkanda ukiibana ile fimbo, fre haifanye kazi vizuri. Kushoto kuko shene. Tunapendelea kushoto, lakini kifuniko cha shene kiwe pale. Kama ulikitosha, kirudishe kwanza. Ncha za mikanda zikatwe fupi. Mfuko usizibe buloni ya ekseli, juu kila mara unapokaza shene utaihitaji. Tena, mguu wa mteja upate nafasi yake: mama aliyevaa kikwembe asilazimike kupanua magoti juu ya mfuko wako.

Kuhusu ngozi yenyewe, angalia pahali ilipokatwa. Ngozi ya kweli inaonyesha nyuzi-nyuzi toka juu mpaka chini. Ile ya bandia iko na kitambaa chini na plastiki juu. Jua litaibambua upesi. Ngozi ya unene wa milimita 3 ao 4 inasimama bila kukunjamana. Uzi uwe wa nailoni, maana uzi wa pamba unaoza kwa mvua, na pahali mikanda inaposhikia kuwe ripiti za chuma, si uzi peke yake. Fundi wa viatu anaweza kukushonea mfuko kama huo, na atapima kwenye pikipiki yako mwenyewe, jambo ambalo duka haliwezi.

Usiutake mkubwa. Kile ya buji, pinsi, viraka vya tairi na kitambaa vinatosha. Funga vyuma ndani ya kitambaa, visitoboe ngozi. Simu, hapana. Karte rozi, permi na asiransi, hapana pia: matope ya gurudumu yanapenya, na karatasi iliyolowa haisomeki kwenye kizuizi cha polisi. Hizo zikae mwilini, ndani ya plastiki.

Mfuko ukilowa, toa vitu, uning'inize kwenye kivuli. Usiuweke karibu na mbabula. Ukiisha kukauka, paka sera ya viatu. Mafuta ya kupikia yanaleta harufu, na panya.