Pakiti Zisizochoka

Ukitaka kuona kitanzi cha mtandao bila kuwasha kompyuta, tandaza ramani ya reli za Tanzania. Kutoka Dar es Salaam zinaondoka njia mbili za zamani. Ya kwanza ni Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1905. Inapita Soga na Ruvu, wilayani Kibaha, inaendelea hadi Morogoro na Kilosa, na hapo tawi lake moja linateremka Kidatu. Ya pili ni TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970 hadi 1975. Hii inakatiza wilaya ya Kisarawe kwa kupitia Mzenga, inapita Kisaki, nayo inafika Kidatu. Zifuate kwa kidole: utapitia Kibaha kwenda, na utarudi kwa Kisarawe.

Kwenye karatasi, duara limekamilika. Kwenye ardhi, hapana. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Behewa la huku haliwezi kuvuka kwenda kule. Mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha Kidatu cha kuhamisha mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. (SGR nayo imepita Soga na Ruvu na upana wake wa tatu, milimita 1,435, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Wafanyabiashara wakizilaani hizo milimita 67 siwalaumu. Ila fundi wa mitandao akiitazama ramani hii anaona jambo analolifahamu: njia mbili zinazokutana, na mahali pamoja palipofungwa.

Treni ikizunguka duara haizai treni nyingine. Pakiti huzaa.

Chanzo chake ni cha kihistoria. Ethernet ilibuniwa 1973 katika maabara ya Xerox, Marekani, kwa ajili ya kompyuta zilizounganishwa kwenye kebo moja. Kwenye kebo moja hakuna pa kuzungukia, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuipangia pakiti siku ya kufa. Itifaki ya IP, kama ilivyochapishwa 1981, inabeba namba isiyozidi 255 ambayo kila ruta huipunguza, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Ethernet haina hesabu hiyo. Swichi isiyojua mpokeaji yuko wapi hutoa nakala kwenye milango yote, isipokuwa ule pakiti ilikoingilia. Weka njia mbili kati ya swichi mbili, kisha kompyuta moja iulize, "Nani mwenye anwani hii?" Swali litazunguka pande zote mbili bila kikomo. Ongeza njia ya tatu, na nakala zinakuwa maradufu kila zinapovuka.

Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment, alipata dawa. Swichi zinateua moja kuwa shina, kila nyingine inapima umbali wake hadi hapo, na njia zote za ziada zinafungwa mpaka unabaki mti usio na duara. Njia ikikatika, iliyofungwa inafunguliwa. Kidatu inayojifungua yenyewe, tuseme. Perlman alitunga hata shairi kuhusu mti huo, na mwaka 1990 utaratibu wake ukaingia katika viwango vya kimataifa.

Dawa ina mipaka yake. Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, ulizimika kwa siku karibu nne. Ulikuwa umekuzwa kipande kwa kipande hadi ukapita idadi ya swichi ambazo mti ungeweza kuzimudu, vitanzi vikafunguka, na wauguzi na madaktari wakarudi kwenye karatasi, majibu ya maabara yakipelekwa kwa miguu. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, aliyaeleza yote hadharani. Naona ndiyo sababu bado tunajifunza kwake.

Miaka saba baadaye, 2009, ilitoka Open vSwitch: swichi ambayo ni programu tu, inayoishi ndani ya seva na kuunganisha kompyuta pepe. Na hapa historia ilirudi nyuma kidogo. Mti wa Perlman umo ndani yake, lakini haujawashwa. Swichi ya ndani ya Linux nayo ni hivyo hivyo. Sababu zipo: mti wa asili hukawiza mlango mpya kwa sekunde 30, na nani anataka kompyuta pepe isubiri hivyo kila inapowaka? Lakini zamani kitanzi kilikuwa na kebo ya kuchomoa na taa zilizowakawaka kama zimepagawa. Sasa kebo ni mstari mmoja wa usanidi, ulioandikwa na mtu aliyekwishahama kazi.

Chukulia ofisi yenye seva Kibaha na nyingine Kisarawe, zilizounganishwa kwa njia mbili, moja ya fiba na moja ya redio, kwa usalama. Mtu akizifunga zote kwenye swichi pepe zilezile, amejenga duara. Dalili ya kwanza ni prosesa kulemewa bila kazi inayoonekana. Ya pili ni keneli ya Linux kulalamika kwamba imepokea pakiti yenye anwani yake yenyewe. Fundi anafungua jedwali la anwani kwa amri ya fdb/show: mashine ya Kisarawe iko mlango wa kwanza, anaamuru tena, iko wa pili, tena, wa kwanza. Mashine haijasogea hata hatua. Kisha anatumia ofproto/trace, amri ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamwezesha kuuliza pakiti ya kufikirika ingepita wapi, bila kutuma chochote kwenye mtandao ambao tayari umezidiwa.

Anapoifunga njia ya redio, prosesa inatulia mara moja. Anarudi kwenye jedwali. Mashine ya Kisarawe iko mlango wa kwanza, na safu ya mwisho, ile ya umri, inaanza kupanda: sekunde 3, sekunde 9, sekunde 20.