Hesabu Iliyofichwa Ndani ya Machozi

Ndani ya machozi yako kuna kimeng'enya kinachoitwa lisozaimu. Kazi yake ni kukata ukuta wa bakteria. Kinakata vipi? Mwaka 1976 watu wawili walilijibu swali hilo kwa kompyuta, tena kompyuta ambayo simu yako ingeicheka.

Michael Levitt alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1947. Arieh Warshel ni Muisraeli. Walikutana mwishoni mwa miaka ya 1960 katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, kwenye maabara ya Shneior Lifson. Kompyuta ya pale iliitwa Golem. Wakaiandikia programu iliyochukulia molekuli kama vigololi vilivyounganishwa kwa springi.

Hesabu ya springi ni nyepesi, shida ni kwamba springi zile hazikatiki. Na kemia ni kukatika na kuungana, si ndiyo? Ukitaka kuona kifungo kikikatika, lazima ufuate elektroni kwa fizikia ya kwantamu, na hiyo inakula kompyuta vibaya sana. Protini nzima? Sahau.

Warshel alikuwa ameshachanganya hesabu hizo mbili kwa molekuli ndogo akiwa Harvard na Martin Karplus, mzaliwa wa Vienna ambaye familia yake iliwakimbia Wanazi mwaka 1938. Kwa lisozaimu, yeye na Levitt wakapanua wazo: pale kifungo kinapokatika, kwantamu, protini iliyobaki, hesabu nyepesi, maji ya pembeni, makadirio tu. Ni kama bajeti ya tarehe 28: pesa inaenda pale pasipokwepeka.

Mwaka 1977 Karplus, Andrew McCammon na Bruce Gelin wakaifanya protini ndogo icheze kwenye kompyuta kwa muda usiofika pikosekunde 10. Pikosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara trilioni. Muda mfupi hivyo, lakini ulitosha kuonyesha kwamba protini haikai kama jiwe. Inatikisika kila wakati. Mwaka 2013 Karplus, Levitt na Warshel wakapewa Nobel ya Kemia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Akaunti ya maktaba ilipofungwa, majarida mengi ya sayansi yalifungwa nayo. Lakini GROMACS, programu ya uigaji wa molekuli iliyoanzia Groningen, Uholanzi, miaka ya 1990, haikuniuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Laptop yangu ilihema kama matatu inayopanda mlima, lakini kisanduku changu cha maji kilicheza.

Sidanganyi mtu: hao watatu walikuwa na shahada za uzamifu, na Harvard si cyber ya mtaani. Ila mbinu yao ilitokana na uhaba. Kompyuta haikutosha, ikabidi wajiulize ni sehemu gani ya tatizo haikubali makadirio. Wewe uliye na laptop ya mtumba na bando la wiki, unaweza kuanzia hapo leo jioni.